Mvuke wa Swafiya

Wakitoka shule, Swafiya na Lamees walizoea kufanya kazi za shule pamoja kwa kina Lamees, mtaa wa Jumeirah Village Circle, Dubai. Swafiya alitoka Mombasa. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala katika bandari ya Jebel Ali. Lamees alizaliwa Dubai, wazee wake wa Unguja, na majivuno yake yangewatosha watu wawili.

Mwalimu Joanita alikuwa amewapa nchi ya Ufini, kaskazini mwa Ulaya, waieleze darasani. Ambaye angefanya vizuri zaidi angewakilisha shule kwenye mashindano Abu Dhabi, na kila mmoja aliitaka nafasi hiyo.

Siku hiyo Bi Saleha, mama yake Lamees, alikuwa na mafua. Alijifunika kanga gubigubi, akijifukiza kwa maji ya moto yenye mchaichai.

"Lamees, ona!" alisema Swafiya. "Wafini nao hukaa kwenye chumba cha mvuke mpaka watoke jasho. Wanakiita sauna, na kimo katika nyumba nyingi. Tuanze na kujifukiza, kila mtu ataelewa."

Lamees aliangua kicheko. "Mambo ya kizee hayo! Usinitie aibu. Tutasema walitawaliwa na Waswidi, kisha Warusi, wakapata uhuru mwaka 1917. Yalla, haya, andika!"

Swafiya aliyaandika hayo.

Siku ya kuwasilisha darasani, Lamees alizungumza peke yake. Alieleza maelfu ya maziwa, na Helsinki, mji mkuu ulio kando ya bahari inayoganda wakati wa baridi. Wenzake wakaanza kupiga miayo. Akaingiwa na hofu, akasema, "Sauna ni kama kujifukiza kwetu!" Darasa zima likachangamka.

"Wazo zuri! Ni la nani?" aliuliza Mwalimu Joanita.

"Langu, Mwalimu."

Swafiya aliinamisha kichwa. Nafasi ikawa ya Lamees.

Nyumbani Lamees alimsimulia mama yake kwa furaha. Bi Saleha hakutabasamu.

"Hayo si maneno ya Swafiya? Kanga ilinifunika macho, haikuniziba masikio. Kesho utasema kweli."

Kesho yake Lamees alikiri mbele ya darasa kuwa wazo lilikuwa la Swafiya. Nafasi akapewa Swafiya.

"Nisamehe," Lamees alimwambia.

"Nimekusamehe," alijibu Swafiya, akihamishia mkoba wake dawati jingine. "Lakini kwenu siji tena."

Lamees alirudi kwa mama yake akilia. "Si nimesema kweli, mama? Mbona ananikimbia?"

"Umeisema baada ya kukamatwa," alisema Bi Saleha. "Ulimcheka mwenzio, kisha ukamwibia kilekile ulichomchekea. Haki ya mtu hupewa palepale. Nafasi umeirudisha, lakini rafiki huenda asirudi. Mwiba wa kujichoma, mwanangu, hauambiwi pole."