Mama Chapa na Mitihani ya Ijumaa

Chumba kilikuwa kimoja, kazi mbili. Dirishani alikaa Fundi na cherehani yake. Ukutani, karibu na soketi, alikaa mkewe na kompyuta na printa. Watu walimwita Mama Chapa kwa sababu alichapa kila kitu: barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, hata hotuba za mabwana harusi wasioweza kusema bila karatasi.

Kila asubuhi Mama Chapa aliwasha kompyuta, kisha akafagia. Alimaliza kufagia, akapanga vitambaa vya mumewe, na kompyuta bado haijawa tayari.

"Mwenzako bado anapiga miayo," Fundi alimtania.

"Mwache, ni mzee."

Lakini muhula uliopita mzee huyo alimtia aibu. Mama Chapa alikuwa amechapa mitihani ya shule ya jirani. Siku ya kuipeleka, virusi kutoka flashi ya mteja vikaharibu mafaili yote. Watoto wakaandikiwa maswali ubaoni. Kwa wiki nzima Mama Chapa aliona haya kupita mbele ya shule.

Sasa Jumatatu mwalimu mkuu alikuja tena, na karatasi za maswali zilizoandikwa kwa mkono.

"Mama, nakupa kazi hii mara ya pili. Naitaka Ijumaa asubuhi. Ikishindikana, nitatafuta mtu mwingine, na usinichukie."

"Sitakuchukia, mwalimu. Utaipata."

Mwalimu hajafika hata mlangoni, kompyuta ikazima yenyewe. Mama Chapa akaiwasha. Ikazima tena.

Jioni hiyo jirani yao, dada anayefanya kazi maktaba, alipita kuchukua sketi yake. Alimkuta Mama Chapa ameshika tama.

"Nimeambiwa ninunue mpya," Mama Chapa alisema. "Ninunue na nini?"

Dada wa maktaba aliitazama kompyuta. "Mashine yenyewe nzima, dada. Kilichochoka ni mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoongoza nyingine zote. Sisi maktaba tuna kompyuta kuukuu kuliko hii. Tumeziwekea mfumo mwingine unaoitwa Linux."

"Bei gani?"

"Bure. Walioitengeneza wameruhusu watu waitumie, waigawe na hata waibadilishe. Kesho asubuhi nitakuletea kwenye flashi, uijaribu kwanza. Inawaka kutoka kwenye flashi hiyohiyo. Ndani ya kompyuta haigusi kitu, na ukizima, hakibaki chochote ulichofanya."

Fundi alisimamisha cherehani. "Hiyo ni kupiga bandi," alisema. "Mimi pia hushikiza nguo kwa uzi mwepesi, mteja aijaribu. Ikimkaa, ndipo naishona kwa cherehani."

"Hivyohivyo, shemeji."

Jumanne asubuhi dada wa maktaba akachomeka flashi, akawaonyesha, akaenda kazini. Kompyuta iliwaka kabla Mama Chapa hajashika ufagio. Vitufe vya kwenye skrini vilikuwa mahali tofauti, lakini programu ya kuandikia ilikuwepo. Mama Chapa alifurahi mno. Akakaa, akachapa mtihani wa hesabu, wa sayansi na wa historia. Akahifadhi. Saa nane akazima, akaenda kupika.

Aliporudi na kuwasha, hakukuta hata herufi moja.

Alitafuta kila mahali. Mumewe alikuja akasimama nyuma yake.

"Mke wangu, umevaa nguo ya bandi ukaenda nayo sokoni," alisema polepole. "Uzi umefumuka."

Mama Chapa alitaka kukasirika, lakini alikuwa ameambiwa jana, na alisikia. Kosa lilikuwa lake.

"Basi urudi kwenye mfumo wa zamani," Fundi alishauri.

"Ule unaozima kila dakika? Hapana. Maji nimeshayavulia nguo, nitayaoga."

Jioni alikwenda kumngoja dada wa maktaba mlangoni kwake. Wakaja pamoja. Mama Chapa alitaka mfumo uwekwe papo hapo, lakini dada wa maktaba alimshika mkono.

"Kazi za wateja wako ziko wapi?"

"Humohumo ndani."

"Zina nakala?"

Mama Chapa alitikisa kichwa.

"Basi tuanze hapo. Tukiuweka mfumo huu peke yake, utafuta vyote vilivyomo. Havirudi."

Waliwasha kompyuta kwa flashi ya Linux, wakanakili mafaili kwenye flashi nyingine mbili. Kisha wakayafungua kwenye kompyuta ya dada wa maktaba, wakahakikisha yanasomeka. Ndipo Mama Chapa mwenyewe akabonyeza kitufe cha kuweka mfumo. Nusu saa baadaye ulikuwa tayari.

Printa ikagoma. Walifungua mipangilio, wakaiongeza kwenye orodha ya vifaa, ikaanza kuchapa. Mistari ya barua za zamani ilihama kidogo kwenye baadhi ya kurasa.

"Hilo utalikuta," dada wa maktaba alisema. "Zipitie kabla ya kuchapa. Na ukimtumia mtu kazi iliyokamilika, itume kama PDF, faili ambalo mpangilio wake haubadiliki, isihame."

"Na virusi?"

"Vile vilivyokusumbua vilitengenezwa kwa ule mfumo wa zamani. Hapa haviwezi kufanya kazi. Lakini sikuambii mashine hii haitaugua kamwe. Usifungue faili usilolijua, na masasisho, yaani marekebisho ya programu, yakija, yapokee. Nayo ni bure."

Jumatano na Alhamisi Mama Chapa alichapa kuanzia asubuhi hadi jioni. Kila alipomaliza mtihani mmoja, aliunakili kwenye flashi. Fundi alihesabu mara alizonakili, akacheka.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema.

"Acha nishtuke."

Ijumaa mwalimu mkuu hakuhitaji kuja. Mama Chapa alikwenda shuleni mwenyewe, amebeba bahasha saba. Mwalimu alipekua karatasi moja moja. Akamwangalia.

"Umenunua kompyuta mpya?"

"Ni ileile, mwalimu. Nimebadilisha mfumo tu."

Mwalimu akainuka, akafungua mlango wa stoo. Kompyuta kumi na mbili zilikuwa zimepangwa sakafuni, zina vumbi. "Hizi niliambiwa zimekufa," alisema. "Unaweza?"

Mama Chapa aliweka mkoba chini, akatoa flashi zake mbili.

"Naweza. Ila kwanza niambie: ndani yake kuna kazi za nani?"