Thuku na Mstari Ulionyooka

Rula ndefu ya mbao ilimzibia Zipporah njia katikati ya soko la Malindi, palipokuwa pakinuka papa mkavu na maembe.

"Kaka, hebu ishushe hiyo. Wataka kututoboa macho?"

Thuku aligeuka. Binti mrefu, dera la samawati, kikapu cha ukili begani. Haraka zote zikamwisha.

"Samahani, dada. Nafundisha hisabati hapa Shella. Nilikuwa nawaza mistari inayokatana."

"Basi ikatane kando, watu wapite!" Zipporah alicheka, na kicheko chake kiligeuza vichwa.

Tangu hapo simu hazikukoma. Zipporah alikuwa muuguzi Kilifi, na kila alipotoka zamu aliisubiri sauti ile ya bara.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula, mwalimu wangu. Nawe bado wala chaki?"

Zipporah alimpa kile kikapu abebee vitabu. Alimpendea unyoofu wake: Thuku hakujua kuzungusha maneno.

Unyoofu huohuo ukamponza. Siku moja alifunga tai, akaenda peke yake kwa Mzee Mwaringa, baba yake Zipporah, akamwambia anataka kumwoa bintiye. Kwa Wagiriama mtu hajiposei. Hutuma wazee, nao hutanguliza kibuyu cha tembo la mnazi.

Mzee alimtazama juu mpaka chini. "Kijana, huna watu?" Akamwonyesha njia.

Jioni simu iliwaka moto.

"Umenidhalilisha, Thuku! Baba asema nimemletea mtu asiye na kwao."

"Nilisema ukweli. Nizunguke nini?"

"Wazee wangu si ua wa kuruka!"

"Basi, Zippo. Mistari miwili iliyonyooka hukatana mara moja tu, kisha kila mmoja na njia yake."

Akakata simu. Zipporah alilia mpaka macho yakavimba, na nani angemlaumu?

Thuku naye hakupata usingizi. Asubuhi moja alikimwaga kile kikapu kutafuta kalamu, akabaki kukitazama. Kila ukindu ulikatana na mwenzake, ukafika ukingoni, ukakunjwa, ukarudi kukatana tena. Ungenyooka moja kwa moja, kusingekuwa na kikapu. Alimpigia baba yake Nyeri.

"Baba, njoo pwani. Nahitaji watu."

Baba alikuja na koti lake zito, akijifuta jasho. Mzee Ngumbao, jirani wa Thuku aliyejua maneno ya posa, aliwaongoza wageni ndani kwa Mzee Mwaringa. Thuku aliachwa nje karibu na jiko, mdomo umefungwa. Kwa mtu kama yeye, kazi hiyo ilitaka moyo, naye aliifanya.

Ndani, kibuyu kiliwekwa chini. Mnazi wa posa hauguswi mpaka binti aulizwe, akubali. Zipporah aliingia amejifunga leso mpya, macho chini.

"Mwanangu," alisema Mzee Mwaringa, "kibuyu hiki kimeletwa kwa ajili yako. Tunywe?"

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Nje," alijibu Ngumbao. "Amenyamaza tangu asubuhi."

"Thuku? Amenyamaza?"

Zipporah aliangua kicheko kilekile cha sokoni. Huko nje Thuku alikisikia, akasimama.

"Nyweni, baba."