Lebo Iliyogeuza Namba

Abu Taim alikuwa na duka la dawa mjini Irbid. Yeye alipima dawa. Binti yake, Ghusun, alichapa lebo kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Kompyuta yao ilipokufa, walinunua nyingine kwa fundi jirani, Zahi. Hii ilikuwa ya aina tofauti.

Siku hiyohiyo mteja wao, Umm Saji, alirudi na chupa ya dawa ya mumewe, uso kaukunja.

"Daktari kasema matone kumi na mawili. Nyie mmeandika ishirini na moja. Mnataka kuniulia mume?"

Ghusun alisoma lebo, akaingiwa na hofu. Herufi za Kiarabu, ambazo huandikwa zikiwa zimeungana, zilikuwa zimeachana, na namba imegeuka.

"Ni Zahi huyo!" Abu Taim akafoka. "Katuchezea ili tumwite kila siku!"

Zahi alipofika, hakuna aliyemkaribisha hata kahawa. Ghusun alisimama nyuma yake, macho kwenye vidole vya fundi.

"Mbona unanichunga kama mwizi, binti?" Zahi akacheka. "Herufi hizi anaziunga nani?"

"Maktaba. Yaani msimbo wa watu wengine. Niliuchukua tu, ndio unaounga herufi na kunyoosha namba."

"Uliuliza kama unafanya kazi kwenye kompyuta za aina zote?"

Ghusun akatikisa kichwa.

"Basi kwenye kompyuta hii msimbo huo umeshindwa kimyakimya, bila kutoa onyo. Umeuita mahali pangapi ndani ya programu yako?"

"Arobaini."

"Yallah! Utabadili pote? Jenga mlango mmoja. Programu yako iongee na mlango, mlango uongee na maktaba. Siku ukibadili maktaba, unagusa mlango tu. Tafuta maktaba inayokubali kompyuta za aina zote. Kisha jaribu kwenye mashine mbili kabla ya kumpa mgonjwa."

"Bado nakushuku, ami."

"Nishuku tu. Chapa, usome."

Kwa siku mbili Abu Taim aliandika lebo kwa mkono, huku akinung'unika. Ghusun alijenga mlango, akaweka maktaba mpya, akaazima kwa Zahi kompyuta ya aina kama ile iliyokufa. Alichapa lebo ya Umm Saji kwenye kompyuta zote mbili. Zikalingana. Aliona aibu, akamwomba Zahi msamaha mbele ya baba yake.

Umm Saji alipokuja kuchukua chupa nyingine, hakusalimia mtu. Alizishika lebo zote mbili alizochapa Ghusun, akazisoma kwa sauti neno kwa neno.

"Matone kumi na mawili," alisema. Akasoma ya pili. "Kumi na mawili."

Ndipo akaitia chupa mkobani, akaenda kumpa mumewe dawa.