Waliopanda Kiegei

Nilikwenda Kiegei kuchukua kuku. Safari yenyewe ilikuwa hiyo tu, kuku.

Ilikuwa Oktoba mwaka 2007, wakati watu wanaandaa mashamba na vumbi linakaa mpaka kwenye meno. Nilikuwa dereva kwenye kambi ya watafiti wa madini, nje kidogo ya Ruangwa mjini. Bosi alikuwa na wageni wa kutoka Dar es Salaam, akataka kuku wa kienyeji. Gari la kazi lilikuwa gereji, kwa hiyo akanipa lake mwenyewe, lile jeusi.

Lazima nikueleze gari hilo kwanza, la sivyo utasema nilikuwa nimelewa.

Ilikuwa pikapu kubwa iliyoletwa kutoka Afrika Kusini, injini ya silinda nane. Ukikanyaga mafuta linakubandika kwenye kiti. Kwenye dashibodi palikuwa na kitufe cha kuzungusha. Ukiweka mbili, zinavuta tairi za nyuma peke yake. Ukiweka nne, zinavuta zote muda wote, na hiyo ni ya matope. Ukiiweka kwenye barabara ngumu, gari linagoma kukata kona, linajivutavuta kama mbuzi wa kamba. Katikati palikuwa na Otomatiki. Hapo gari linaamua lenyewe. Njia ikiwa nzuri, zinavuta za nyuma tu. Za nyuma zikielemewa au zikianza kuteleza, gari linapeleka nguvu mbele kabla dereva hajajua kuna nini, na taa ndogo ya kijani inawaka. Likishajinasua, taa inazima.

"Protasi, acha kwenye Otomatiki," bosi aliniambia. "Gari linajua kilicho chini yake kuliko wewe."

Nilifuatana na Domitila, mpishi wa kambi. Nilimwita shemeji, maana alikuwa mjane wa rafiki yangu Jonasi. Jonasi alianguka shambani mwezi wa tatu mwaka huohuo. Asubuhi alikuwa mzima, jioni tukawa tunatafuta mbao za jeneza. Tulimzika kijijini kwao, Mtua. Domitila alikuwa bado na kaniki yake ya msiba begani, lakini siku ile alicheka njia nzima. Alikuwa anabishana na mimi kwamba gari la mtu mmoja halihitaji silinda nane.

Kuku tukawapata. Tukawatia kwenye tenga, tenga likafungwa kwenye bodi nyuma ya kabini. Tulipoanza kurudi jua lilikuwa linaishia.

Hatujafika mbali, tukamwona bibi mmoja amesimama kando ya njia. Alikuwa peke yake. Miguuni pake palikuwa na mzigo wa majembe, yenye mipini, yamefungwa kwa magome ya mti. Mengi. Mzigo ambao mwanamume wa makamo angeutafakari kabla ya kuubeba.

Nikasimama. Huku kwetu humpiti mzee njiani jioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tusogeze mbele kidogo. Tunakwenda shamba."

"Shamba saa hizi?"

"Jua limepungua. Ndiyo saa yetu."

Nikashuka kumsaidia. Majembe yalikuwa na udongo mbichi, wakati mvua haijanyesha hata tone. Nikamwambia aje kabini, tubanane. Akakataa.

"Sisi tutakaa nyuma."

Sisi. Nikadhani ni Kiswahili cha wazee wetu wa Kimwera, wanaochanganya mmoja na wengi. Nikafunga mlango wa bodi, nikarudi kwenye usukani. Domitila alikuwa ameacha kucheka.

"Kaka Protasi," alisema polepole, "majembe yote hayo ni ya nani?"

"Ya wafanyakazi wake, labda."

"Wako wapi?"

Nilikuwa nasikiliza gari.

Lilikuwa linainama.

Halikuinama kwa mara moja, kama ukitupia gunia. Liliinama kidogo... likatulia... likainama tena kidogo... Ndivyo gari linavyofanya watu wanapopanda mmoja mmoja nyuma. Kila dereva anaijua hali hiyo kwa makalio yake. Pua ikanyanyuka. Mwanga wa taa za mbele ukaacha barabara, ukapanda kwenye majani ya mikorosho.

Nikatazama kioo cha ndani. Bodi ilikuwa tupu. Tenga la kuku, mzigo wa majembe, na bibi.

Lakini bibi alikuwa amejibana kwenye kona kabisa, magoti yamegusa kidevu, bega limeshindiliwa kwenye bati. Hivyo ndivyo mtu anavyokaa kwenye lori la mnada lililojaa, ambalo halina pa kuweka hata kidole.

Nafasi yote ile... na yeye amebanwa.

Nikakanyaga mafuta.

Taa ya kijani ikawaka.

Barabara ilikuwa kavu, ngumu kama sakafu, tambarare. Hapakuwa na mchanga wala jiwe. Nikapunguza mafuta ili izime, maana ndivyo inavyokuwa siku zote. Haikuzima. Injini ile iliyokuwa inaruka kama swala ilikuwa inaguna kama tingatinga, na mshale wa mwendo haukutaka kupanda. Nikazungusha kitufe kwenye mbili. Tairi za nyuma zikazunguka bure, zikachimba, vumbi likatufunika, na gari likabaki palepale. Kama kuna watu wamelishika bampa na kukita miguu.

Nikarudisha Otomatiki. Likaondoka. Taa ikabaki inawaka.

Ndipo harufu ikaingia. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Na jasho... jasho la watu wengi waliofanya kazi kutwa.

Kuku walikuwa kimya. Kuku wa tenga hawanyamazi gari likitembea.

"Usigeuke," nikamnong'oneza Domitila.

"Sigeuki."

Tukafika kwenye korongo lililokauka, lenye mchanga mwingi chini. Nikapunguza mwendo. Gari likazama, likapapasa, likashika tairi zote, likaanza kupanda ng'ambo ya pili. Hapo kwenye mpando, injini ilipopumua kidogo, mtu akakohoa nyuma yetu.

Kikohozi cha mara mbili kavu, halafu pumzi ndefu ya kujivuta.

Nilikisikia kikohozi kile miaka mingi. Nilikisikia kanisani, kwenye bao, kwenye kilabu cha pombe.

Domitila alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Huyo ni Jonasi."

"Hapana, shemeji."

"Nimelala na kikohozi hicho miaka kumi na mbili, Protasi. Huyo ni Jonasi."

Nikakanyaga mafuta mpaka chini. Silinda zote nane zikanguruma, tairi zote nne zikachimba, na tulikwenda mwendo wa baiskeli.

Ngo! Ngo!

Mkono uligonga paa la kabini.

Ndivyo abiria wa nyuma wanavyoomba kushuka. Mguu wangu ulikwenda kwenye breki wenyewe, kwa mazoea ya kazi. Mpaka leo nauchukia mguu huo.

Gari likasimama. Upande wa kushoto palikuwa na uwazi wa shamba, giza linaanza kuingia. Nikasikia majembe yanagongana yakishushwa. Kisha gari likaanza kunyanyuka. Kidogo... kidogo tena... Walikuwa wanashuka. Nilianza kuhesabu nikaacha, kwa sababu sikutaka kuijua hesabu hiyo.

Likatulia. Lakini bado lilikuwa limeinama upande mmoja, na ile taa ya kijani bado inawaka, gari limesimama!

Bibi akaja dirishani kwa Domitila. Sura yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sura ya bibi yeyote unayemnunulia mbaazi sokoni. Hakunitazama mimi.

"Mmoja amegoma kushuka," alimwambia, kama anaomba radhi. "Yule mgeni. Bado hajazoea. Mwambie wewe, mama. Wewe anakusikia."

"Shemeji, usimjibu," nikasema. "Usifungue."

Domitila alikuwa analia bila sauti. Kitasa kikalia. Nikamdaka kaniki, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Yeye akafungua fundo la begani, taratibu, na kaniki ikabaki mkononi mwangu.

Nikamsikia anatembea kando ya gari mpaka nyuma.

"Jonasi... shuka, mume wangu. Nipo. Shuka."

Gari likanyanyuka.

Taa ikazima.

Nilisubiri kusikia kilio au neno lolote. Kimya. Kisha kuku wote wakalipuka kwa kelele kwa pamoja, nikashuka na tochi. Nyuma hapakuwa na mtu. Bodi ilikuwa na tenga tu.

Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Niliingiza gari shambani, nikawasha taa zote, nikazunguka. Sasa lilikuwa jepesi, linateleza na kurukaruka kwenye visiki kama halina mtu hata mimi.

Nikaenda kugonga kwenye nyumba za karibu. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Abubakary, akatoka na vijana na mapanga. Nilipomweleza habari za bibi na majembe, alitazama chini.

"Shamba hilo hulimwa kila mwaka kabla ya mvua," alisema. "Hatujawahi kumwona anayelima."

"Na hamuulizi?"

"Tumuulize nani?"

Tulimpata kulipokucha. Alikuwa amekaa mwishoni mwa shamba, mgongo kwenye kichuguu, amekufa. Nguo zake safi. Viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge yaliyopasuka, na nyuma yake shamba lote, lile nililolizunguka na gari jioni likiwa na visiki na majani, lilikuwa limelimwa. Matuta yamenyooka. Alama za tairi zangu zilikuwa chini ya udongo.

Hospitali walisema ni moyo. Polisi walinihoji siku nzima, wakaniachia. Fundi aliyelipima gari alikuta waya wa sensa inayopima mzunguko wa tairi la nyuma umekatika, akasema ndiyo maana taa iliwaka na nguvu ikapotea. Bosi aliridhika na maelezo hayo. Na mimi nilitaka sana kuridhika. Lakini waya haukohoi.

Tulimzika Mtua, pembeni ya mumewe. Mimi nilikuwa miongoni mwa wabebaji. Domitila alikuwa mwanamke mnene, wa kifua na nyonga, na jeneza lilikuwa la mninga. Tulijipanga, tukainama, tukanyanyua kwa nguvu kama mtu unavyojiandaa kwa mzigo.

Tulikaribia kulirusha.

Aliyekuwa ng'ambo yangu, Dickson, kaka yake Domitila, alinitazama. Nikamtazama. Tukaanza kutembea polepole, tumekunja migongo na kukaza shingo, tunahema kwa makusudi, wote, ili waliokuwa nyuma wasijue.

Baada ya maziko mama yake Domitila, mama Getruda, alinifuata nilipokuwa nanawa. Alikuwa mzee, macho yamevimba. Akanishika kiwiko, akanivuta mbali na watu.

"Baba, wewe ulimbeba mwanangu."

"Nilimbeba, mama."

"Niambie kweli." Alikuwa ananong'ona. "Alikuwa mzito?"

Maji yalikuwa bado yanachuruzika vidoleni mwangu.

"Alikuwa mzito, mama," nikasema. "Alikuwa mzito sana."

Akafumba macho, akashukuru.