Mama Pindo na Kipepeo Mwenye Mikia

Mtaa mzima ulimwita fundi huyu wa nguo Mama Pindo. Akiona uzi unaning'inia kwenye nguo, mkono wake huukimbilia mkasi. Aliwahi kupunguza pazia la jirani siku aliyokwenda kumsalimia tu.

Lakini mwaka huu cherehani yake ilikaa kimya. Watu walinunua nguo zilizokwisha kushonwa, na wateja wakapungua mmoja mmoja. Mumewe, fundi baiskeli, alihangaika peke yake. Kwa hiyo jirani yao mpya alipotafuta msaidizi, Mama Pindo hakujivunga.

Jirani huyo alikuwa mtafiti wa vipepeo, binti mpole mwenye kofia pana na wavu wa mpini mrefu. Alitumwa kujua eneo lile lina spishi zipi za vipepeo, yaani aina zipi, na kila spishi inaishi wapi. Kila kipepeo aliyemkusanya alimkausha na kumhifadhi katika bahasha ndogo. Juu ya bahasha aliandika mahali na tarehe.

"Mama, nakupa kazi ya majaribio," alisema. "Wapange hawa. Wa aina moja wakae pamoja, kila mmoja na bahasha yake. Ukiweza, utakuwa nami mpaka utafiti uishe."

"Binti yangu, nimepanga vifungo maisha yangu yote. Vipepeo ndio wanishinde?"

Akawapanga kwa rangi. Wa njano huku, weusi wenye madoa meupe kule, wa kahawia pembeni. Kazi ilimpendeza. Kitu kimoja tu kilimkera. Wale wa njano walikuwa na mikia midogo nyuma ya mabawa, na baadhi yao walikuwa wamepoteza mkia mmoja. Aliwaona kama mashati yenye kola upande mmoja. Akachukua mkasi. Chap, chap! Akaondoa mikia yote, akasawazisha na kingo zilizochakaa.

Mtafiti alipokuja, alimwinua mmoja kwa kibanio. Akamwinua wa pili.

"Mama, mikia iko wapi?"

"Nimewanadhifisha. Walikuwa hovyo hovyo!"

Mtafiti akaketi. Hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma Mama Pindo zaidi.

"Mama, umbo la bawa ndilo linaloniambia huyu ni nani. Ukilikata, sina tena cha kusoma. Aliyechanika anabaki hivyo hivyo, nasi tunaandika kwamba amechanika."

"Nisamehe, mwanangu. Mkono wangu huu!"

"Na kuna jambo jingine. Umewatenga hawa kwa rangi. Mimi nadhani ni spishi moja. Wa njano ni madume. Weusi na wa kahawia ni majike."

"Usinipige changa la macho! Huyu ana mikia, huyu hana. Huyu njano, huyu mweusi. Wana undugu gani hapo?"

"Majike wengine huiga sura ya vipepeo wachungu. Ndege akiwaona, anadhani ni wale wachungu, anawaacha."

"Una hakika?"

"Bado. Ndiyo maana rangi peke yake haitoshi. Itabidi tumuulize mama yao."

Kesho yake akaleta jike mweusi aliye hai. Wakamfunika kwa chandarua pamoja na mlimau uliokuwa ndani ya pipa, mlangoni pa karakana ya baiskeli. Jike akataga mayai juu ya majani, kisha wakamwachia aende zake.

"Uwalee watoto wake," alisema Mtafiti. "Usipunguze, usinyooshe, usisaidie. Ukishindwa safari hii, mama, itabidi nitafute msaidizi mwingine."

Mama Pindo aliogopa kweli. Kazi nyingine hakuwa nayo.

Viwavi wakatoka, wadogo, wenye mabaka meusi na meupe. Mumewe akainama kutazama.

"Mke wangu, umenifugia kinyesi cha ndege?"

"Ndivyo wanavyojificha, baba. Nani atakula kinyesi?"

"Lakini wao wanakula mlimau wangu!"

Alilalamika, ila kila asubuhi yeye ndiye aliyewahi kuchungulia.

Jioni Mtafiti alipita, na Mama Pindo akamuuliza maswali bila kuchoka. "Kwa nini uandike mahali? Kipepeo si anaruka popote?"

"Wengi hawafiki mbali. Spishi moja ikikaa mlimani na bondeni kwa miaka mingi, kila upande unaweza kupata alama zake. Wa mlimani, labda, mkanda mpana wa rangi bawani. Wa bondeni, mwembamba. Wakikutana bado wanazaana. Tunawaita nususpishi. Bila kujua alikotoka, nitamwainisha vipi?"

Viwavi wakanenepa, wakageuka pupa, vitu kama majani ya kijani yaliyokunjwa. Asubuhi moja pupa wa kwanza akapasuka. Akatoka mdudu aliyelowa, mabawa yamekunjamana.

"Huyu kilema," alisema mumewe. "Mnyooshe!"

Mkono wa Mama Pindo ukanyanyuka. Akaurudisha. Mwishowe akakaa chini na kuikalia mikono yote miwili.

"Mwache, baba. Tafadhali, mwache."

Mabawa yakajaa polepole, yakanyooka yenyewe. Yalikuwa ya njano. Nyuma yakachomoza mikia miwili. Kabla hawajapumua vizuri, pupa wa pili akapasuka. Huyo alikuwa mweusi mwenye madoa meupe, bila mkia.

Mtafiti aliitwa, akaja mbio na kofia mkononi.

"Haya, mama. Spishi ngapi hapa?"

"Moja," alisema Mama Pindo. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hata wanangu wawili hawafanani, na nimewazaa mwenyewe!"

"Jumatatu tunapanda mlimani. Vaa viatu vya kufunga."

Mama Pindo alifurahi, akapiga vigelegele. Siku ile ile akawapanga upya wale wa bahasha, kwa mahali, kwa umbo, kisha kwa rangi. Kila mwenye mkia uliokatwa akamwandikia wazi: umekatwa na mkasi wangu.

Jumatatu alfajiri, Mama Pindo akiwa anafunga kamba za viatu, mteja akabisha hodi na sketi mkononi.

"Fundi, nipunguzie pindo. Naihitaji leo."

"Iache, mwanangu, nitaishona Jumapili," alisema Mama Pindo, akajitwika wavu begani. "Siku nyingine nipo kazini."