Alama Nyekundu kwenye Kibanda cha Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nilimsaidia Bibi kufungua kibanda chake cha kutengeneza miavuli pale sokoni. Yeye alitoa koleo na nyaya, nami nilining'iniza miavuli iliyopona juu na ile aliyoiita "wagonjwa" chini. Siku hiyo nilikuwa nimeinua mwavuli wa kwanza tu, nikaushusha tena. Ubavuni mwa kibanda palikuwa na alama kubwa ya X nyekundu, rangi bado mbichi.

"Bibi! Wanatubomolea!"

Fundi rangi alikuwa bado pale, akifuta brashi yake. "Mimi nimetumwa tu," alisema bila kunitazama. "Mheshimiwa Mara Moja kasema kesho kutwa pawe peupe."

Mara Moja ndilo jina tulilompa diwani wetu, kwa sababu kila alichokitaka alikitaka mara moja.

Bibi aliketi kwenye kigoda chake. Kibali alikuwa nacho, na kibanda kile ndicho kilichotulisha na kunisomesha. "Wakubwa wameshasema, mke mwenzangu," aliniambia polepole. "Sisi tutasema nini?"

Mimi sikuridhika. Mwaka uliopita, manispaa ilipobomoa ukuta wa shule uliopasuka, chini ya X paliandikwa tarehe na namba ya barua. Hii ilikuwa X tupu. Tena, nyuma ya kibanda, shemeji yake diwani alikuwa akijenga duka la simu. Juzi nilimwona akipima kwa hatua kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye meza ya Bibi, kisha akatabasamu peke yake.

Jioni tulikwenda kwa afisa soko. Nilipomuuliza barua ya kubomoa iko wapi, alikohoa. Akainuka, akafunga dirisha, akaketi tena.

"Mimi sijasema kitu," alisema. "Ila mtu anaweza kuomba barua. Kuomba si kosa."

"Tuombe kwa nani?"

"Sijasema kwa nani."

Njiani nilimnong'oneza Bibi, "Huyu naye yumo."

"Usimpake mtu matope," alijibu, lakini niliona naye anageuka kuitazama ofisi ile.

Siku ya kubomoa ilipofika, Mara Moja alikuja na vijana wawili wenye nyundo. Shemeji yake alisimama mbali, akijifanya anasoma simu. Afisa soko naye aliitwa ashuhudie.

"Mama, bado upo tu? Toa vitu, mara moja!"

"Naomba kuona barua ya baraza la madiwani, mheshimiwa," Bibi alisema. Hakuinuka kigodani.

"Barua ya nini? Mimi na madiwani wenzangu wawili tumeshakubaliana. Hapa baraza ni mimi!" Akamgeukia afisa soko. "Mwambie huyu mama!"

Afisa alitazama viatu vyake. Nilijua sasa anatutosa. Akakohoa mara mbili.

"Baraza halijakaa, mheshimiwa," alisema. "Barua haipo. Bila barua, hapa habomolewi mtu."

"Basi kailete, mheshimiwa!" mshona viatu mmoja alipaza sauti kutoka ng'ambo ya njia. "Mara moja!"

Soko zima likaangua kicheko. Vijana wakashusha nyundo, na diwani akaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata baraza lilikaa na kumpa diwani onyo. Fundi rangi akaja na mafuta ya taa, akaisugua ile X mpaka ikatoka. Jioni hiyo afisa soko alipita kibandani.

"Shikamoo," nilimwamkia. "Naomba unisamehe. Nilidhani umeshirikiana nao."

"Marahaba, mwanangu. Ungeachaje kunishuku? Nilikuwa nasema kama mtu anayejificha."

Bibi aliweka koleo chini. "Basi leo sema waziwazi, baba. Siku ile ofisini ulitaka kutuambia nini?"

Safari hii hakukohoa.

"Nilitaka kusema hivi, mama. Diwani tumemchagua atusemee kwenye kikao, si atuamrishe sokoni. Awe mmoja, wawe watatu, hao si baraza. Kiongozi akivuka mipaka yake, hata mtoto ana haki ya kumuuliza kwa adabu: barua iko wapi? Hilo nililijua tangu mwanzo, na kazi yangu ilikuwa kulisema siku ileile. Sikulisema kwa sababu niliogopa."