Bi Soli Hafungi Kibanda

Kila asubuhi Bi Soli hufungua kibanda chake cha kushona viatu. Hubana misumari midogo mdomoni, akigonga soli na kuwatania wateja.

Mwaka jana ufizi wake ulivimba. Aling'olewa jino, kidonda kikagoma kupona. Uvimbe ukazidi kukua. Alisukutua kwa maji ya chumvi mpaka akachoka. Kisha vinundu vyekundu vikamtoka mkononi na kifuani.

Watu wakaanza kunong'ona. Wateja wakapungua. Kaka yake akaja mbio.

"Dada, funga kibanda. Kaa ndani kwanza. Wanasema unaambukiza."

"Nimeiba cha nani hata nijifiche? Sifungi!"

Siku ileile jirani yake, muuguzi, alileta kiatu kilichoachia soli. Akaviona vile vinundu na shavu lililovimba.

"Shoga, hebu fungua mdomo." Akammulika kwa tochi ya simu. "Huu uvimbe una muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu! Uvimbe au kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili, lazima kipimwe. Kesho tunakwenda hospitali."

Daktari alikata kipande kidogo cha ufizi na kingine cha ngozi, vikapimwa maabara. Majibu yakatoka: limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu. Ilianzia mdomoni, ikafika kwenye ngozi.

"Ni hii misumari yangu?" Bi Soli akauliza.

"Hapana. Hukujitakia, wala huwezi kumwambukiza mtu. Imesambaa, lakini ina dawa. Tusichelewe tena."

Alilia njia nzima. Kesho yake akafungua kibanda.

Kila baada ya wiki tatu alitundikiwa dripu ya dawa. Alitapika. Nywele zikaisha kichwani. Kaka yake akamletea mtandio.

"Jifunike, watu wanatazama."

"Waache watazame! Upara ni wangu, wao unawawasha nini? Kaa hapo, nishikie kiatu hiki."

Kaka akakaa. Siku ambazo dada yake alizidiwa, yeye ndiye aliyefungua kibanda. Mteja akimwambia ana kidonda mdomoni, alimuuliza, "Kina wiki ngapi? Nenda ukapime!"

Baada ya dripu sita, ufizi ulirudi sawa. Vinundu vilinywea, yakabaki makovu.

"Vipimo havionyeshi ugonjwa," daktari akasema. "Ila usikose kliniki. Ugonjwa unaweza kurudi."

Bi Soli akasimama, akachukua mkoba wake.

"Nitakuja kila tarehe utakayoniandikia. Na huo ugonjwa ukirudi, utanikuta kazini."